Dawa Tuliyoosha Sawa Maharagi

Mimi siko muganga. Niko mushonaji, niko na mashine moja pa baraza hapa Kimemi, mu Butembo, na kitu ninajua ni pindo na kola. Donc ukisoma hii, hapana kuibeba sawa karatasi ya dokta. Ninaiandika juu ya mwanamuke fulani mwenye iko na mimba leo, anakunywa dawa na dawa inamukula, na batu ya nyumba yake bameanza kutafuta ni nani alimuloga. Huyo mwanamuke, keti kwanza. Nikuambie yangu.

Mimba ninayosema ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilinipatia Masika, binti yangu mukubwa. Ya pili ilikuwa kijana. Alikufaka ndani ya tumbo, miezi saba, juu tension, presha ya damu, ilipanda mupaka nikaanguka na kutetemeka. Balinionyesha tu kitambaa chenye balimufunga, basi. Kwa hiyo siku nilijua niko na mimba tena, wakati ya kupanda maharagi, sikufurahi. Ninasema kweli. Niliketi ku mashine nikashonea mukono ya bluzi pahali pa shingo.

Ku konsultasio ya kwanza, mama muzalishaji alinifunga kile kitambaa cha kupima tension, akapompa, akaangalia, akapompa tena. Mutu akikupima mara mbili bila kusema kitu, unajua yenyewe. Akaniandikia binini, vidonge, bya tension, bitatu kwa siku, mupaka kuzaa.

“Katungu,” akaniambia, “hii hapana kuruka hata siku moja. Unamukumbuka yule kijana?”

Eh! Ningemusahau namna gani?

Hapa Butembo ile dawa ilikuwa imekosa. Bwana yangu, Kasereka, akamuita dada yake Kahambu, mwenye anauzishaka ku pharmacie moja kule Beni. Kahambu ni mulamu yangu, lakini tuliishi sawa tumenyonya ziwa moja. Tulikuwa tunasukana nywele, tunasengenya bwana zetu. Mungu hakumupatia mutoto, na kila vacances ya shule Masika alikuwa anaenda kulala kwake, anarudia amenenepa. Donc Kahambu alinitumia dawa na shofere wa taksi, ndani ya tusachet twa plastike, hapana karto ya fabrike, hapana karatasi ya ndani yake. Pharmacie zetu zote njo zinafanyaka hivyo: banahesabu binini ku kiganja, banafunga, banaandika na bic. Aliandika asubui, midi, mangaribi. Na chini yake: “Kunywa, mulamu, tupate mutoto.”

Bilikuwa binini bya manjano, bya kung’aa, bizuri kabisa. Kwetu batu banapenda dawa yenye rangi. Ile nyeupe banasema ni chaki tu. Nikabipenda.

Siku ya ine, niko ninamupima mama mumoja kiuno, mikono ikaanza kuniwasha. Nikajikuna na metre yangu ya kushonea. Mangaribi tumbo yote ilikuwa imepanda mapele, sawa nilijiviringisha ndani ya upupu. Asubui macho ilikuwa imefungika, na Masika aliponiona akarudia nyuma.

“Mama, uso yako imekuwa ya mutu mwingine.”

Nilicheka juu yake asiogope. Mais mimi mwenyewe niliogopa sana. Siku ya sita midomo ilivimba mupaka chai ikawa inamwangika ku kifua, na nilipomeza mate nilisikia koo imekuwa ndogo.

Nikaenda ku maternité. Kule kuko benchi moja ndefu ya mbao: unaketi mwisho, batu banasogea kidogo kidogo, mupaka na wewe unafika ku mulango. Siku ile walinda mulango balinipima joto ku paji mara mbili, bakanirudisha kunawa mikono mara mbili. Sisi batu ya huku tumeona magonjwa ya kuambukiza na kuua, na mapele ku mwili ya mutu siyo kitu ya kucheka. Nilipoketi, mama wa pembeni akakusanya kikwembe yake, akasimama. Na mwingine. Ile benchi ya batu kumi nikabakia pale peke yangu na tumbo yangu, na bote banasimama ku ukuta banachunguza miguu yabo. Nilitaka kubaambia kwamba haiko vile munafikiri. Sikukuwa na hakika mimi mwenyewe.

Muganga kijana alinipima damu, akanihurumia, akasema ile ni allergie.

“Umekula nini?”

“Bugali, sombe, samaki.”

“Acha samaki.” Na akanipatia binini bingine, bidogo, bya kutuliza kujikuna. Na byenyewe bilikuwa bya manjano. Sikuona kitu. Hata yeye hakuona.

Nikaacha samaki. Nikaacha mayai, nikaacha karanga. Nikabakia na bugali na sombe bila mafuta, na bado ninavimba, na sasa ninajikuna mara mbili zaidi. Bile bya kujikuna bilipoisha, Kasereka alinishauri nipumuzike na ile ya tension, kidogo tu, siku tatu, tuone. Nikaiacha. Ngozi ikashuka kweli. Mais siku ya tatu kichwa ikanipasuka ku kisogo, na mbele ya macho nikaona tumoto-tumoto tunaruka, sawasawa na ile mara ya kijana. Nilijua mara moja. Nikiikunywa, koo inafunga. Nikiiacha, huyu mutoto naye anaenda. Niliketi na kinini ku mukono na kikombe ya maji pembeni, ninalia, sijui ni kipi kitaniua pole pole zaidi. Nikakunywa.

Wakati ile njo mama yangu alishuka kutoka kijiji ya Masereka, na mufuko ya viazi na rozari yake ku shingo. Aliniangalia uso, akanishika kidevu, akaigeuza huku na huku.

“Hii dawa inatoka wapi?”

“Kwa Kahambu.”

Akavuta lungo, akaanza kuchagua maharagi.

“Mutu mwenye hana mutoto,” akasema, “njo anakutumia dawa ya mutoto.”

“Mama!”

“Mimi nimesema nini? Ninachagua maharagi.”

Asubui yake alibeba sachet moja ya Kahambu, akamwanga binini yote ndani ya bakuli. Akatia maji, akatia chumvi, akatia na maji ya baraka yenye alilindaka tangu Pasaka. Akaanza kubisugua kati ya biganja, vile tunasuguaka maharagi ya kulowana tukitoa ngozi. Maji ikawa manjano, manjano kweli, na binini bikatoka bidogo, byeupe, bibaya.

“Angalia!” Mama akanisukumia bakuli. “Angalia kitu alikupakia!”

Akabianika ku jua. Nikabikunywa. Siku mbili, kujikuna ikapungua nusu. Siku ya tano ngozi yangu ilikuwa laini, macho imefunguka, na mama alipiga magoti pa baraza katikati ya biraka byangu bya nguo, akamushukuru Bikira Maria kwa sauti yenye majirani yote balisikia. Na mimi, mwenye nilisukwa nywele na Kahambu miaka yote ile, niliamini. Hapana kusema ni mama tu. Niliona na macho yangu: dawa bila kuosha inanivimbisha, dawa ya kuosha inaniponesha. Ungefikiri nini, wewe?

Mama akamupigia simu. Maneno alimuambia siwezi kuiandika hapa, batoto banaweza kusoma. Mu siku mbili jamaa yote ya Kasereka ilijua. Yeye mwenyewe akawa katikati, dada huku, bibi huku. Akaanza kula haraka na kutoka. Nikimuuliza “Unafikiri nini?” anajibu “Ninafikiri unywe dawa.”

Kahambu alifika na moto, pikipiki ya kulipa, vumbi mupaka ku kope. Ile barabara ya Beni unajua vile iko ya hatari. Mutu haikamati juu ya kutembea tu. Hakuketi. Hakusalimia.

“Sachet iko wapi?”

Nikamuonyesha. Akatoa binini sita byenye bilikuwa bado kuoshwa, akaomba bakuli, akatia maji, akasugua. “Mulifanya hivi?” Maji ikageuka manjano. Kahambu akainua bakuli, akakunywa yote, akapanguza kinywa na mukono. Kisha akabeba kiti, akakiweka katikati ya kiwanja.

“Muniangalie vizuri. Nikivimba, muite polisi. Nikikufa, munirudishe Beni.”

Aliketi pale tangu saa ine ya asubui mupaka saa tisa. Jua ikamupiga, mvua kidogo ikapita, hakusogea. Masika alitaka kumukimbilia, mama akamushika ku robe. Mimi nilisimama nyuma ya pazia ninamuchunguza midomo, Mungu anisamehe, ninangoja ivimbe. Haikuvimba. Saa tisa akasimama, akakuja mupaka karibu na pua yangu.

“Midomo yangu iko namna gani?”

“Iko muzuri.”

“Sema kwa nguvu, mama yako asikie.”

“Iko muzuri!”

“Basi. Hapana kuniita tena.”

Moto ikaguruma, akaenda. Na unajua mama alisema nini? “Mulozi anabebaka kinga yake.” Wapi! Kwa mama yangu hata ile haikutosha. Mais mimi, tangu siku ile sikulala vizuri. Kama haiko sumu, ni nini?

Tukaendelea kuosha. Mvua zikawa kubwa, jua ya kuanika ikakosa. Binini bingine bilivunjika, bingine biliyeyuka bikawa sawa bugali ndani ya bakuli, na mimi ninachota na kijiko, ninameza. Ku konsultasio ya mwezi wa saba, ule mwezi niliuogopa tangu mwanzo, mama muzalishaji akapompa, akaangalia, akaita mwenzake. Tension ilikuwa kumi na munane, juu sana. Bakanilaza pale pale, hata biatu sikuvua.

Ma soeur, sista mwenye analindaka dawa kule, ni mumama mufupi, mukali sawa pilipili. Akakuja ku kitanda. “Nionyeshe kitu unakunywa.” Nikatoa karatasi yenye binini byangu byeupe na unga yake.

“Hii ni nini?”

“Dawa, Ma soeur.”

“Nani alizivua nguo?”

Nikamuelezea yote. Alipiga mikono. “Munaosha dawa sawa maharagi? Hii yenye imevunjika, unajua umekunywa ngapi? Unajua imebakia ngapi ku bakuli? Mungemuua mutoto na maji ya baraka!” Mama yangu akaangalia dirisha. Kisha Ma soeur akaketi ku kitanda.

“Maji ilitoka rangi gani?”

“Manjano.”

“Na ngozi ikapona.”

“Ndiyo.”

“Na ile dawa ya kujikuna ilikuwa rangi gani?”

“Manjano.”

“Tangu zamani, kuko kitu ya rangi ile ilikuvimbishaka?”

Jus ya unga, ile ya manjano banakorogaka ku ndoa. Tangu utoto nikiikunywa midomo inaniwasha. Nilifikiri ni sukari.

“Basi pengine haiko dawa yenyewe,” akasema. “Pengine ni rangi banaipakaa juu yake. Batu wengi haibafanyi kitu. Mulamu yako aliikunywa, ikamufanya nini? Bure. Wewe inakufanya.” Akamugeukia mama. “Ungeniuliza, mama, mbele ya kumuuliza Bikira Maria.”

Nililia sana. Ma soeur alifikiri ni furaha. Ilikuwa haya.

Mais kujua haikutosha. Kila fabrike inapakaa rangi yake, akasema, na inaiandika ku karatasi ya ndani ya karto. Bila karatasi, kunipatia ingine ni kucheza kamari na mutoto. Pale ku maternité ile dawa haikukuwa, sindano za kushusha tension zilibakia za siku mbili, tatu hivi. Karto yenye karatasi ilikuwa wapi? Beni. Kwa nani? Kwa Kahambu.

Kasereka akatoa telefone, akaiangalia, akanipatia. “Mimi siwezi. Niko na haya.”

Nikaita mimi. Ikalia, ikakata. Nikaita tena. Mara ya tatu akashika, hakusema allô. Nikasikia tu sauti ya bakliya banaomba dawa ku pharmacie yake.

“Kahambu, nilikosa. Nilikuwaza mubaya, mimi, hapana mama tu. Ukikatala utakuwa na haki. Mais tension ni kumi na munane, mutoto anacheza kidogo, na Ma soeur anataka karatasi ya ndani ya karto.”

Nilihesabu pumzi yangu.

“Mama yako iko pale?”

“Iko.”

“Akaribie telefone. Nitasoma, na yeye asikie.”

Akasoma. Yale majina ya kifaransa yameandikwa kadogo-kadogo, anasoma herufi kwa herufi, Ma soeur anaandika. “Simama hapo. Rudilia,” Ma soeur akamukatisha. T, a, r, t, r. “Tartrazine. Njo hiyo rangi ya manjano.” Ile jina nimeiandika nyuma ya karte yangu ya konsultasio na bic nyekundu, na wewe kama unavimba bila sababu, uliza kwanza karto na karatasi yake, umwonyeshe muganga. Hapana kuosha. Hapana kuacha peke yako sawa mimi. Mubebee mutu mwenye anajua kusoma kile kitu.

Siku ile Kahambu alifunga kazi, akazunguka pharmacie za Beni moja kwa moja, anaomba karto, anatuita, anasoma. Karto ya pili, rangi ile ile. Ya tatu ilikuwa na rangi ingine yenye Ma soeur hakuipenda. Ya ine, Ma soeur akasikiliza mupaka mwisho, akapumua. Rangi yake ilitoka ku chuma, tartrazine hapana. “Hii tutajaribu. Kinini kimoja, hapa mbele yangu.”

Karto ilifika kesho yake na shofere, imezungushwa scotch ya kugandisha pande zote mupaka huwezi kuona pahali inafungukia. Juu yake, na bic: “Ifunguliwe na mama ya Katungu.”

Ma soeur akamupatia mama mukasi bila neno. Mama alikata ile scotch muda murefu. Akatoa karatasi, akaiangalia, yeye mwenye hajui kifaransa, akaikunja vizuri. Kisha akatoa kinini. Kilikuwa cha manjano na chenyewe, ya kufifia kidogo. Akauliza kwa sauti ya chini kama hatuwezi kukiosha mara moja tu. Ma soeur alimuangalia. Mama akarudilia rozari.

Nikameza. Ma soeur akaketi pembeni na sindano tayari, anaangalia saa ku mukono yake, na mimi ninajigusa midomo, ninameza mate, ninajigusa tena. Kila kitu kikaniwasha: shuka, nywele, hata meno. “Hiyo ni woga,” akasema, “haina mapele.” Saa moja ikapita. Saa mbili. Mama wa kitanda ya pili alinipatia ndizi, nikashindwa kuila. Mangaribi bakanipima: ngozi safi. Siku ya tatu tension ikaanza kushuka, na mutoto akanipiga teke chini ya mbavu, teke ya hasira, nikasema asante.

Alizaliwa wakati ya kupanda maharagi tena, mbele ya siku yake, mudogo sana. Balimufunga ku kifua yangu ngozi kwa ngozi wiki tatu. Tulimuita Neema. Ninaandika na iko pale chini ya meza anakula biraka byangu.

Mama alienda Beni yeye mwenyewe, na viazi na kuku, akaomba musamaha mbele ya jamaa yote. Kahambu alimuinua, akamukumbatia, akasema yameisha. Kuku balipika, bakakula. Na ni kweli, Kahambu anakujaka hapa tena, analala hapa, ananisuka nywele. Juzi, kisha misa, tulikuwa bote pa baraza: Kahambu, mama, Kasereka, mimi. Neema akachukua ndizi, akaikimbiza kwa shangazi yake, akapanda ku magoti yake, akafungua kinywa.

Kahambu akaishika ile ndizi. Hakuimenya. Aliniangalia mimi, akamuangalia mama yangu, na akauliza, vizuri kabisa, bila hasira, vile anaulizaka kila mara tangu ile dawa, mbele ya kumupatia mutoto kitu ya kula:

“Nimumenyee?”

“Mumenyee, dada,” nikasema.

Neema alikuwa na kinywa wazi, anangoja sisi bakubwa tumalize.